Mjomba wa Kukwepea Kodi

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, saa ya ukutani na sifa nyingi kuliko nilizostahili. Kabla soda hazijaisha, mmoja wenu akaniomba niwaandikie machache kuhusu mafaili ya uhamisho wa nyumba, maana ndiyo yanayowatoa jasho. Nikakubali upesi, kama mtu anavyokubali mambo akiwa ameshiba. Sasa nimekaa kibarazani kwangu Mwisenge, hapa Musoma, bodaboda zinapita, na naona kazi niliyojitwisha si ndogo. Vyeo sitavitaja. Mishahara yetu mnaijua, na asiyeijua asiharibiwe siku.

Nilianzia Bunda. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino, nikapelekwa moja kwa moja kushika ncha ya futi kamba kwenye kiwanja cha miiba, na tangu hapo kisigino nilikiachia kanisani. Aliyeshika ncha ya pili alikuwa Mzee Sospeter, ofisa wa uhamisho wa milki, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Muhuri wa ofisi aliuweka ndani ya soksi, soksi ndani ya droo, na ufunguo wa droo aliuning'iniza shingoni pamoja na msalaba wake. Wenzangu walimcheka. Na mimi nilimcheka, mpaka nilipokabidhiwa muhuri wangu, nikajikuta natafuta soksi.

Alinifundisha kodi kwa kunipa faili moja asubuhi na kuniuliza jioni nani analipa nini. Ushuru wa stempu ni wa mnunuzi. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, kwa sababu faida ameipata yeye. Pango la ardhi lililolala lilipwe kwanza, na jina kwenye hati halibadiliki mpaka ofisi ya kodi iseme imeridhika. Hiyo ndiyo sheria. Huku kwetu Mara muuzaji anasema hivi: mimi nataka hela yangu safi mkononi, hayo ya serikali utajuana nayo wewe. Mnunuzi anaitikia tu, maana nyumba ameshaipenda na mapazia yameshapimwa. Anakuja kushtuka akiwa dirishani. Mtu wa namna hiyo mpeni kiti kwanza, hesabu baadaye.

Halafu kuna siku ya mthamini. Mthamini akitangazwa anakuja, nyumba nzuri zinageuka vibanda ghafla ili kodi ishuke. Watu wanatandika mikeka juu ya marumaru, wanashusha dishi la televisheni, wanatoa balbu. Nyakato tulimkuta baba mmoja ameingiza mbuzi sebuleni ili tuone anafugia humo. Mbuzi walikuwa wamesimama katikati ya makochi wakishangaa kama sisi. Mthamini alipima kuta, akaandika kilichokuwepo, akamwambia mwenye nyumba mbuzi wake wana bahati.

Wajanja zaidi wanapita njia ya zawadi. Sheria imeacha nafasi kwa ndugu wa kweli, na ni haki, kwa sababu anayempa mwanaye nyumba hajauza kitu na hana faida ya kukatwa. Basi nyumba inauzwa uani, hela zinahesabiwa, kisha muuzaji na mnunuzi wanakuja dirishani wameshikana mikono kama ndugu. Mzee Sospeter alikuwa na dawa yao. Hakuuliza majina ya babu, maana majina yanakaririwa. Alikuwa anawatenganisha, mmoja anabaki, mwingine anakaa nje kwenye benchi, halafu anauliza kila mmoja kwa sauti yake ndogo: "Mara ya mwisho mlimzika nani pamoja?"

Nilimuuliza kwa nini msiba na si harusi. Akaniambia harusi hata jirani anaalikwa, lakini kwenye msiba ndugu anajulikana kwa kazi anayopewa. Ndugu wa kweli watakwambia marehemu alikuwa nani, nani alichelewa kufika, nani aligombana kuhusu ng'ombe, na kaburi lilichimbwa upande gani wa nyumba. Ndugu wa kodi wanaanza kukohoa. Pale Bunda niliona watu wazima wenye suti wakishindwa swali hilo, wanarudi kimya kimya kuandika mkataba wa mauziano.

Nilipohamishiwa Musoma nilikuja na swali hilo kama urithi. Lilifanya kazi vizuri mpaka madalali walipolijua. Wakawa wanawafundisha wateja wao, kama mwalimu anavyofundisha mtihani. Ndipo likaja faili la nyumba ya mtaa wa Nyasho, ambalo ndilo hasa nililotaka kuwaandikia.

Mnunuzi alikuwa Roda, mwanamke wa makamo kutoka vijiji vya rasi ya ziwani, mfanyabiashara wa dagaa. Alikuwa mjane na wanawe walikuwa bado shule. Alikuwa amepanga nyumba karibu kila mtaa wa mji huu, na kila mwenye nyumba alimtoa kwa sababu ileile, harufu. Dagaa wakikauka vizuri ni fedha, lakini jirani hanusi fedha, ananusa dagaa. Roda alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani, uwanja wake mwenyewe wa kuanikia, asiambiwe na mtu aondoke.

Muuzaji alikuwa Mzee Magori, fundi cherehani aliyechoka macho, akataka kurudi kwao Butiama na mkewe Bi Wakuru. Nyumba yao ya Nyasho ilikuwa ya kawaida, vyumba vinne na kimoja cha uani, lakini uwanja wake ulikuwa mpana. Dalali wao aliitwa Mugeta. Mzee alitaka hela yake safi. Roda alikuwa amekamua kila alichokuwa nacho kufikia bei, na kodi ya mzee ilipomwangukia yeye, hakuwa na pa kuitoa. Mugeta akawaambia wasihangaike, Roda awe mpwa wa Mzee Magori, mtoto wa dada yake aliyeolewa huko rasi, na nyumba iwe zawadi.

Haya yote niliyajua baadaye. Siku ile waliingia watatu, mzee, Bi Wakuru na Roda, wametulia. Niliwatenganisha. Mzee akasema mara ya mwisho walimzika dada yake, mama yake Roda, kaburi liko upande wa ziwani, mvua ilinyesha, jeneza lilichelewa. Nikamwita Roda. Nikamuuliza, akafungua mdomo kusema "tulimzika mama," na hapohapo akaanza kulia. Si kulia kwa kuigiza, mtu alikuwa anatetemeka mabega. Nikampa maji. Nikaona aibu kumchimba mtu aliyefiwa. Kiapo kilikuwepo, saini zilikuwepo, dole gumba la Bi Wakuru kuridhia lilikuwepo. Faili likapita.

Sasa sikilizeni. Mama yake Roda alikuwa mzima wa afya, kule kijijini, anaanika dagaa na kufukuza kunguru. Ndiyo maana Roda alilia. Mugeta alimwambia aseme amemzika mama, na kwetu mtu hamziki mama yake kwa mdomo hata kwa utani. Alijiona amemwua ili apate uwanja.

Mzee Magori na mkewe hawakuondoka mara moja. Nyumba ya Butiama ilikuwa haijaezekwa, wakamwomba Roda wakae chumba cha uani mpaka bati zipande. Akakubali. Ikawa jiko moja, wanawake wawili. Bi Wakuru alikuwa anasonga ugali wa muhogo, Roda analeta sato akipata, kama hakuna basi furu, visamaki vya ziwani. Mzee anashona sare za shule za watoto wa Roda, anakosea vifungo kwa sababu ya macho, na Bi Wakuru anafumua na kurudia. Siku walipohama Roda aliwasindikiza mpaka Butiama, juu ya lori, amepakata sufuria.

Mzee hakuishi sana chini ya bati zake mpya. Alianguka asubuhi moja akitoka kuswaki, na hakuamka. Roda alipopata habari alifunga biashara, akaenda na magunia ya dagaa ya kulisha watu. Hakukaa kwenye viti vya wageni. Aliingia jikoni, akaosha masufuria, akachota maji, akalala chini kwenye mkeka na Bi Wakuru siku zote za matanga. Watu wa ukoo wakawa wanaulizana yule mama ni nani. Bi Wakuru akawa anajibu tu kwamba ni wa Nyasho.

Siku ya kuanua matanga, kama ilivyo desturi, wazee walikaa wakauliza mali ya marehemu iko wapi na nani ana neno nayo. Mdogo wa marehemu, Mzee Matiku, akaulizia nyumba ya mjini. Mtoto mmoja wa ukoo anayejua mambo ya ofisi alikuwa ameshauliza, akasema hati imeandikwa kwamba nyumba ni zawadi kwa mpwa, mtoto wa dada yake marehemu. Mzee Matiku akasema taratibu kwamba mama yao alizaa wanaume watupu.

Hapo Roda alikuwa ameshika sinia la vikombe. Angesema ni mpwa, hakuna dada. Angesema alinunua, alikuwa ameapa mbele ya serikali kwamba hakununua, na hela ilikwenda mkono kwa mkono, dalali ndiye shahidi, na dalali simu yake haipatikani. Nasikia alishahamia Bunda kuuza viwanja. Roda aliweka sinia chini akatoka nje.

Keshokutwa yake alikuja dirishani kwangu. Alinisimulia yote, kuanzia jiko mpaka sinia. Nilikasirika, sitaficha. Nilimwambia alinitia huruma bure na kwamba ningeweza kumwita polisi kabla hajamaliza kusimulia. Alisema anajua. Akasema anachoomba ni kujua kama uwanja wake umekwisha. Nikamjibu kama sheria ilivyo: zawadi ya uongo haisimami. Mzee Matiku akiweka zuio kwenye hati, na ataliweka, nyumba inarudi kwenye mirathi ya marehemu. Njia ya kuikomboa ni moja, kusema kweli kwamba ni mauziano, kulipa kodi yote ambayo ingelipwa tangu mwanzo na adhabu yake juu. Lakini kweli hiyo inahitaji mtu wa upande wa muuzaji aithibitishe. Na mtu huyo alikuwa mmoja tu.

Tulitazamana. Wote wawili tulijua ugumu ulipo. Bi Wakuru akinyamaza tu, asidanganye hata kidogo, anyamaze, nyumba ya Nyasho inakuwa yake na ya ukoo, na kodi ya wapangaji inamlea mpaka mwisho. Alikuwa mjane mgeni Butiama baada ya miaka mingi ya mjini, amezungukwa na shemeji. Nilimkataza Roda asiende kumshawishi. Akasema wala hakuwaza hivyo, anakwenda kwanza kijijini kwa mama yake.

Alikwenda, akapiga magoti, akamwambia mama yake kwamba alimzika mjini kwa ajili ya kodi. Bibi yule aligeuza dagaa kwenye chanja. Halafu akauliza msibani kwake walipika nini. Roda akasema hawakupika kitu, ilikuwa maneno tu. Mama yake akasema basi hajafa, mtu hafi watu wakiwa na njaa. Roda aliponisimulia hilo ndiyo mara ya kwanza nilimwona anacheka.

Mzee Matiku alikuja ofisini kuweka zuio, kama nilivyojua. Nataka mwelewe, hakuwa mtu mbaya. Angekuwa shemeji yangu ningetaka aulize vilevile. Alikuja na Bi Wakuru, ambaye mahakama ilikuwa imemteua msimamizi wa mirathi, na njiani bila shaka walikuwa wameongea, kwa sababu mama yule aliingia amefunga kanga kichwani hadi machoni. Nikamwita Roda. Tukakaa wanne kwenye chumba kile cha mafaili, mnakijua, dirisha halifunguki.

Nilianza kwa Mzee Matiku, akaeleza vizuri bila matusi. Nikamgeukia Roda, akasema yeye alinunua na aliapa uongo. Kisha nikamuuliza Bi Wakuru kama mumewe aliitoa nyumba ile au aliiuza. Akakaza fundo la kanga. Niliandika tarehe juu ya karatasi, nikaipigia mstari, nikaupigia mstari wa pili. Roda alikuwa ameinamisha kichwa, hamtazami mama yule hata kwa jicho la pembeni, na nilimheshimu kwa hilo.

"Aliuza," Bi Wakuru akasema. "Hela tulihesabia juu ya kitanda changu, sisi watatu na dalali. Bati ulizolala chini yake wewe Matiku ulipokuja msibani, ndiyo hizo hela. Mpwa hatuna. Dalali alisema tuseme hivyo, na mimi nikaweka dole. Kama kuna kesi, na mimi niandikwe."

Mzee Matiku akavua kofia. "Shemeji, unajua unachokitupa?"

"Nakijua. Nilikuwaga nakipigia deki kila siku."

Mzee wa watu akairudisha kofia kichwani. Kisha akaniuliza karatasi ya kuondoa zuio iko wapi, akasaini, akasema atangoja nje kwenye benchi kwa sababu chumba kina joto. Kilikuwa na joto kweli.

Kilichofuata ndiyo kazi yetu, na inachosha kusimulia. Zawadi ilifutwa. Bi Wakuru kama msimamizi wa mirathi akaandika mauziano na Roda, bei ileile ya kweli. Mthamini alikwenda Nyasho, na safari hii hakuna aliyetandika mkeka juu ya kitu. Roda alimwonyesha mpaka chanja za dagaa. Kodi ya ongezeko ilikokotolewa, ushuru wa stempu, adhabu ya kuchelewa na adhabu ya uongo. Alipewa kontroo namba ya kulipia, akaenda benki. Aliuza friji lake la samaki na mashine ya kusagia ili kutimiza. Aliporudi na risiti alizishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto. Aliniambia amelipa nyumba moja na nusu, lakini nusu ile ndiyo iliyomrudishia usingizi. Nilimwambia asinishukuru, ashukuru Butiama.

Siku ya mwisho walikuja pamoja, Bi Wakuru kuweka dole kwenye hati ya uhamisho, Roda kuweka saini. Nilijaza sehemu zangu. Mnajua ile sehemu ya chini inayouliza undugu wa muuzaji na mnunuzi, ambayo wengi wenu mnairuka. Mimi siiruki. Na sijui kwa nini, labda mazoea, nilimuuliza Bi Wakuru swali la Mzee Sospeter: mara ya mwisho wewe na huyu mlimzika nani pamoja?

Alinitazama kama nimeuliza jua linachomoza wapi. "Mume wangu," akasema. "Huyu ndiye aliyelala na mimi chini."

Nikashusha macho. Kwa kipimo cha Mzee Sospeter, wale walikuwa ndugu bila ubishi, na ningewapitisha asubuhi na mapema. Lakini nyumba iliuzwa, na kodi imelipwa kwa sababu iliuzwa. Nikaandika neno moja kwenye ile sehemu. Bi Wakuru hajui kusoma, akaniuliza nimeandika nini hapo.

Nikamwambia nimeandika hakuna.

Alifikiri kidogo. Akasema sawa, hayo ni ya kodi. Akajifuta wino wa dole kwenye pindo la kanga, akasimama, akachukua mkoba wake na kumpa Roda ambebee.

"Mpwa, twende nyumbani," akasema. "Njaa inaniuma."

Wakatoka. Nikautoa muhuri kwenye soksi nikagonga. Wino ulikuwa hafifu, nikarudia.